Mafundi Tusiowataja

Serikali ya Kenya imeahidi kituo cha kidijitali katika kila wadi, na wadi ziko 1,450 nchi nzima. Kaunti ya Lamu ina 10, kuanzia Witu na Mkunumbi upande wa bara hadi Faza kisiwani Pate na Kiunga karibu na mpaka wa Somalia. Machi 2025 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Akili Unde (AI) wa mwaka 2025 hadi 2030, na tangu hapo mazungumzo ya barazani yamebadilika. Zamani watu waliuliza kompyuta zitakuja lini. Siku hizi wanasema zikija, na intaneti ikiwepo, kazi imekwisha, kwa kuwa kijana ataiuliza mashine na mashine itamfundisha. Wanaoitetea hoja hiyo kwa sauti kubwa ni wale waliokwisha kufika: mwandika programu aliyeko Nairobi, msimamizi wa mitandao aliyeko Doha, dada anayefanya kazi za mtandaoni akiwa nyumbani kwao Mkomani, mjini Lamu. Ukiwauliza walianzaje, wengi hujibu kwa ufupi: "Nilijifunza mwenyewe."

Hoja hiyo imepotoka, na kasoro yake haiishii kwenye adabu. Kumsahau mwalimu ni utovu wa fadhila, sawa, na Waswahili tunayo methali ya punda na mateke kwa watu wa namna hiyo, ingawa katika mji unaomtegemea punda kubeba kila mfuko wa saruji ningeitumia methali hiyo kwa hadhari. Ninalotaka kusema ni jingine. Shukrani kwa aliyekufundisha kazi ya kompyuta ni ushahidi. Ikitajwa kwa usahihi, kwamba fulani alinifundisha jambo hili, mahali hapa, kwa njia hii, inatueleza ujuzi husafiri vipi katika mji usio na kampuni kubwa za teknolojia. Ikifutwa, anayepanga matumizi ya fedha za umma hubaki na hadithi ya kijana na mashine, wawili peke yao, na kwa kuifuata hadithi hiyo atanunua mashine. Mwishowe tutakuwa na vituo 10 vyenye kompyuta nzuri, na hakuna wa kuketi kando ya mwanafunzi.

Kompyuta ziliingia Lamu mikononi mwa watu kabla ya kuingia kwenye sera. Kabla mji haujaunganishwa na gridi ya taifa, umeme ulitoka kwenye jenereta za dizeli, ukipanda na kushuka, na mwenye mashine asiyekuwa na UPS, betri ya kuishikilia umeme unapokatika, alikuwa anacheza kamari. Hewa ya bahari nayo haina huruma. Chumvi na unyevu hushika meno ya kijiti cha RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, ukiwasha mashine inalia mlio tu na skrini inabaki nyeusi, na mwenyewe anadhani imekufa. Fundi wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, alikuwa anachomoa kijiti hicho, anasugua meno yake kwa kifutio cha mtoto wa shule, anakirudisha, na mashine inaamka. Ujuzi huo haukutoka kwenye kitabu cha kiwandani, kilichoandikwa kwa ajili ya ofisi yenye kiyoyozi. Ulitoka kwa fundi mmoja kwenda kwa mwingine, kando ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, katika vyumba ambavyo mtu akinyoosha mikono anagusa kuta mbili. Baadaye huduma za serikali zilipohamia mtandaoni, marejesho ya kodi ya KRA, maombi ya mkopo wa masomo wa HELB, vyeti vya eCitizen, saiba hizo hizo ziligeuka kuwa dawati la serikali bila mshahara wa serikali. Aliyekaa kwenye kaunta ndiye aliyemwonyesha mzee nywila ni nini na kwa nini asimwambie mtu.

Mimi nilianzia hapo, mtaa wa Langoni, kwa mtu niliyemwita Ami kwa heshima ya umri ingawa hatukuwa na udugu. Hakunipa kibodi. Alinikalisha nyuma ya wateja niwatazame wanapokwama. "Mwanangu, mashine utaijua tu," aliniambia, "mjue kwanza anayeiogopa." Sitaendelea kumsimulia, maana makala haya si wasifu wake wala wangu. Namtaja kwa sababu kila nilipoulizwa katika usaili wa kazi nimejifunzia wapi kuhudumia watumiaji, jibu la kweli lilikuwa kiti kile cha nyuma, na hakuna fomu iliyokuwa na nafasi ya kuliandika.

Jambo la ajabu ni kwamba Lamu haikuhitaji kufundishwa na mtu namna ya kumtaja mwalimu. Katika elimu ya dini, anayepewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, huipata pamoja na silsila yake: amesoma kitabu gani, kwa sheikh gani, na sheikh huyo alisoma kwa nani. Watu wa nje huiona kama heshima kwa wazee. Ndani yake ni njia ya ukaguzi. Mtu akifasiri jambo kwa namna ya kutilia shaka, unaweza kupanda mnyororo pete kwa pete ukaona lilipoingilia. Lakini mnyororo huo pia ungeweza kuwa ukuta, na historia ya mji huu inakiri hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, elimu ya kina ilikuwa mikononi mwa koo zenye jina. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, aliwafundisha watu waliodharauliwa, wakiwemo waliokuwa watumwa na watoto wao, na wakubwa wa mji walimpinga. Msikiti wa Riyadha uliopo Langoni, na maulidi yanayojaza Lamu wageni kila mwaka, ni matunda ya upinzani huo kushindwa. Kwa hiyo silsila nzuri hujibu maswali mawili: umesoma kwa nani, na nani mwingine aliruhusiwa kukaa kwenye ule mkeka. Nitalirudia la pili, kwa sababu ndipo wapinzani wangu wana nguvu.

Ushahidi mkubwa kuliko wote kwenye pwani hii uko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, walisimamisha majukwaa baharini, na kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Scout za Marekani. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Tufikirie hilo kidogo. Wakati ambapo wilaya nyingi za Kenya hazikuwa na simu ya kutegemewa, wavuvi wa Ngomeni walipita na ngalawa zao mbele ya mitambo iliyozungumza na vyombo vilivyokuwa vikizunguka dunia.

Kama kifaa peke yake kingezaa ujuzi, Malindi ingekuwa na wahandisi wake wa setilaiti kufikia miaka ya 1980. Haikuwa hivyo. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, ilitolewa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tarehe 11 Mei 2018, miaka 51 baada ya urushaji wa kwanza wa Ngomeni. Iliundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na Sapienza, chuo kile kile cha Broglio, kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. Ilipofika Aprili 2023 ikarushwa Taifa-1 kutoka California, wahandisi wa Kenya wakiwa wamefanya kazi pamoja na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria. Sitaki kudai kuliko ushahidi unavyoruhusu. Kati ya 1967 na 2018 yalibadilika mengi: setilaiti ndogo zilishuka bei, siasa za vita baridi zikaisha, na mwaka 2016 Kenya na Italia zikatia saini makubaliano mapya yaliyoweka mafunzo miongoni mwa vipengele vyake. Hata hivyo mitambo ilikuwepo Ngomeni muda wote huo, na walimu wa Sapienza nao walikuwepo Roma muda wote huo. Kilichokuwa kimekosekana ni wanafunzi wa Kikenya kukaa na walimu hao wakiunda kitu kimoja, wakikosea, wakisahihishwa. Mtu akiniambia kituo cha wadi chenye kompyuta kitajizalia wataalamu wake, humwelekeza Ngomeni.

Mfano wa mbali unaonyesha pia kwamba anachotoa mwalimu si lazima kiwe somo. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1972, alisimulia katika mhadhara wake wa kupokea tuzo kwamba alikuwa ameandika programu kwa takriban miaka 3 huko Amsterdam, huku akisomea fizikia huko Leiden, mpaka akalazimika kuchagua. Ilimsumbua kwamba wenzake waliounda mitambo waliweza kueleza wanachokijua juu ya vali za umeme, naye hakuwa na elimu yoyote ya kuonyesha kwamba ni yake. Akamwendea mkuu wake wa kazi, Adriaan van Wijngaarden. Mkuu huyo alikubali kwamba kweli elimu hiyo bado haipo, ila akamwambia kompyuta hazitaondoka, ndio kwanza zinaanza, na kwa nini asiwe yeye mmoja wa watakaoifanya kazi hii iheshimike. Dijkstra alisema atamshukuru kwa mazungumzo hayo maisha yake yote. Na heshima yenyewe ilikuwa mbali bado: alipofunga ndoa mwaka 1957 na kutaja kazi yake, maofisa wa Amsterdam walikataa kuiandika, wakisema hakuna kazi kama hiyo.

Angalia usahihi wa shukrani ile. Dijkstra hakusema van Wijngaarden alimfundisha kila kitu. Alisema mazungumzo mamoja, wakati mmoja, yalimwondolea shaka moja. Hapo tunajifunza kitu ambacho hakuna ripoti ya mafunzo ingetuambia: kijana mwenye kipaji anaweza kuwa na maarifa ya kutosha akakosa mtu wa kumhakikishia kwamba kazi yake ni kazi. Hili linatugusa Lamu moja kwa moja. Mama anamwona mwanawe kutwa mbele ya skrini na anauliza, "Kazi gani hiyo, mwanangu?" Baba ni nahodha, ami yuko hotelini Shela, binamu ana kibarua kwenye bandari mpya, hakuna ndani ya nyumba anayeweza kujibu. Vijana kadhaa ninaowajua waliacha fani hii kwa kukosa jibu la swali hilo. Akili hawakupungukiwa.

Barani kwetu upo mnyororo mwingine unaofaa kusomwa. Nii Quaynor wa Ghana alipata udaktari wake Marekani mwaka 1977, akarudi na kuanzisha idara ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cape Coast mwaka 1979. Wengi humwita baba wa intaneti Afrika, lakini sifa hiyo inaficha kazi yake iliyo na faida zaidi kwetu. Kuanzia mwaka 2000, wahandisi wa mitandao wa nchi mbalimbali za Afrika walianza kukutana katika warsha za AfNOG, jumuiya ya waendesha mitandao wa Afrika ambayo Quaynor alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ya kwanza ikiwa Cape Town, wakifundishana kusanidi ruta na seva kwa mikono yao wenyewe. Aliyekuja mwaka huu kama mwanafunzi aliweza kurudi baadaye kama mkufunzi. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani ya Kenya mwaka 2009, magazeti yaliandika kuhusu waya na yalikuwa na haki. Lakini waya hauji na mtu wa kuusimamia usiku unapozima, na mtu huyo alikuwa amekwisha kutengenezwa na wenzake kwenye vyumba vya warsha ambavyo hakuna gazeti lililovipiga picha.

Sasa upande wa pili. Wapinzani wangu wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni ya wasichana. Saiba niliyoieleza ilikuwa mahali pa wanaume. Msichana wa Lamu aliyetaka kukaa hadi saa tatu usiku akijifunza kufomati mashine asingeruhusiwa nyumbani, na hata mchana macho ya usita mzima yangemkalia. Kwake, programu ya akili unde inayojibu usiku wa manane, kwa Kiswahili, bila kumcheka na bila kumuuliza ni binti wa nani, ni mlango ambao Ami wangu hakumfungulia. Nikikaa hapa nasifu kiti cha nyuma bila kusema nani hakuweza kukikalia, nitakuwa nimefanya kosa lile lile la wakubwa waliompinga Habib Swaleh. Hoja hii siipingi. Ninachokataa ni hitimisho lake, kwamba kwa kuwa walimu walikuwa wa wanaume basi mwalimu hana haja. Wanawake waliolikabili tatizo hili walichukua njia nyingine. Dorcas Muthoni, Mkenya aliyeingizwa katika orodha ya heshima ya intaneti duniani mwaka 2014, alianzisha mwaka 2004 mtandao wa wanawake wa teknolojia barani unaojulikana leo kama AfChix, ili wanawake wafundishwe na wanawake. Mwaka 2010 wenzake wa Nairobi wakaanzisha AkiraChix kwa nia iliyo karibu na hiyo. Walipoona mnyororo umewaacha nje, waliongeza pete.

Ya pili ni upendeleo na unyonyaji, na hii huzungumzwa kwa kunong'ona. Fundi humfundisha mpwa wake kwanza. Wapo mafundi waliowafagilisha vijana mwaka mzima, wakawatuma maji na chai, na siku kijana anapodai chochote anajibiwa kwamba ujuzi aliopata ndio mshahara. Shukrani katika hali hiyo ni pingu. Anayedaiwa shukrani hawezi kuhesabu saa zake. Nakubali kila neno, na ndiyo sababu nataka fundi alipwe na umma. Anayejitolea huchagua wa kumsaidia, na huna la kumwambia. Anayelipwa kutoka kwenye bajeti ya kaunti anaweza kuwekewa sharti kwamba nusu ya wanafunzi wake wawe wasichana, na kwamba hakuna anayefagia zaidi ya zamu yake.

Ipo hoja ya tatu, nyepesi: kwamba aliyekufundisha kazini alikuwa analipwa, kwa hiyo hakuna deni. Nyingi ya kazi za kufundisha nilizozieleza hazikulipwa, na hata iliyolipwa bado ni ushahidi. Tuiache.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba mashine imechukua nafasi ya mwalimu kwa sababu inajua yote aliyoyajua na zaidi. Kwanza, mashine haikuzaliwa nayo. ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, ilikuwa imelishwa maandishi ya watu, na kwa upande wa programu ilikuta miaka mingi ya maswali na majibu yaliyoandikwa na wahandisi bila malipo, katika tovuti kama Stack Overflow iliyoanza mwaka 2008. Anayejifunza kutoka humo anafundishwa na maelfu ya walimu asiowaona. Yuko huru kutowajua majina, lakini kusema hakufundishwa na mtu ni kinyume cha kilichotokea. Pia kuna maarifa ambayo hayajaandikwa popote ili mashine iyasome. Ukiiuliza kuhusu kompyuta inayolia mlio bila picha, itakutajia RAM, na pengine hata kifutio. Haitakuambia kwamba katika nyumba ile ya ufuoni tatizo litarudi baada ya mwezi kwa sababu mashine imewekwa chini ya dirisha la kusini, na kwamba kabla ya kuisogeza umwombe mama mwenye nyumba, kwa kuwa meza ile ni ya marehemu mumewe.

La mwisho kwenye hoja hii ndilo zito zaidi, nalo halihusu maarifa kabisa. Fundi humpa mwanafunzi wake dhamana. "Nenda kwa fulani, mwambie nimekutuma mimi." Kwa maneno hayo kijana anaingia kwenye ofisi ambayo asingefika hata kwenye ngazi yake, anakabidhiwa mashine yenye mishahara ya watu, na akiharibu aibu ni ya wawili. Katika mji mdogo ambao kila mtu anajua nani mwana wa nani, kazi ya kwanza hupatikana hivyo. Programu ya akili unde inaweza kukuandikia barua nzuri ya maombi, lakini haina aibu ya kuweka rehani. Wale wanaosema walijifunza wenyewe, wachunguze kazi yao ya kwanza ilipitia mlango gani. Ningeshangaa kama hakuna mtu aliyeushika ukae wazi.

Kuna aina ya shukrani inayostawi, na inafaa isemwe kwa kuwa inapotosha ushahidi kuliko ukimya. Ni ile ya kumshukuru mkubwa. Kijana anahitimu, anaweka picha akiwa na mkurugenzi au mwanasiasa, na maelezo marefu ya jinsi kiongozi huyo alivyomjenga, ilhali walikutana ukumbini dakika chache za kupigwa picha. Aliyemkalisha nyuma ya wateja hayumo kwenye picha. Wafadhili husoma picha hizo. Wakiona kwamba ujuzi wa pwani unatokana na makongamano, watalipia makongamano, na Mombasa ina kumbi za kutosha kuyapokea. Kijana hakukusudia hivyo. Alitaka tu jina lake likae karibu na jina zito. Lakini bajeti ya mwaka unaofuata haijui alichokusudia.

Ikiwa hoja yangu ina uzito, basi mpango wa vituo vya wadi unapaswa kuanza upande mwingine. Kabla ya kuhesabu mashine, kila wadi itafute mafundi wake: wenye saiba, wanaotengeneza simu, walimu wa shule waliofundishana wenyewe kwa wenyewe, dada anayewasaidia majirani kujaza fomu za mtandaoni akiwa nyumbani. Waulizwe wamemfundisha nani, na hao waliofundishwa wako wapi leo. Majibu hayo ni ramani bora kuliko orodha ya vifaa. Kisha mtu mmoja au wawili kwa kila kituo walipwe kufundisha, mshahara ulioandikwa kwenye bajeti kwa jina la kufundisha, si posho ya semina. Programu za akili unde ziwepo, na fundi awe wa kwanza kuzitumia, hasa kwa wanafunzi wa usiku wasioweza kutoka. Mashine nzuri zikipungua tatu kwa ajili ya mshahara huo, zipungue.

Kampuni zinazoajiri watu wetu nazo zina sehemu yao. Mhandisi anayepoteza saa zake kumwongoza mgeni kazini hupimwa mwisho wa mwaka kwa alichoandika mwenyewe, kwa hiyo mwenye busara huacha kuongoza. Atakayetaka hilo libadilike aweke swali katika tathmini: nani anaweza kufanya leo ambacho hakuweza mwaka jana, kwa sababu yako? Swali hilo linaweza kujibiwa na mwanafunzi pia, na majibu mawili yakalinganishwa. Udanganyifu utakuwepo. Watu watatajana kwa urafiki kama wanavyodhaminiana kwa urafiki, na njia ya kuuzuia ni ile ya silsila: asitajwe mtu tu, litajwe na jambo alilofundisha, kwa kuwa jambo linaweza kujaribiwa mezani.

Kwa upande wa Lamu, nisingeanza na Mkomani wala Langoni, ambako mwenye hamu atampata fundi wa kumbughudhi. Ningeanza na Faza na Kiunga, ambako mwanafunzi akikataliwa mlango mmoja hana wa pili wa kubisha. Mpeleke fundi mmoja kutoka mjini, mlipe miezi 6, mpe nyumba, na sharti la mkataba liwe kwamba anapoondoka amwache mtu wa huko mwenye uwezo wa kukaa kwenye kiti chake. Mkataba wa mtu huyo uandikwe na kutiwa saini kabla ya zabuni ya kompyuta kutangazwa.